Mti wa ukoo wa Wamisri wa kale: "mwana wa Ebana" ni wa baba au wa mama? Na huyu "dada" aliyeolewa?

MchoraUkoo aliuliza:

Wakuu, salaam. Nachora mti wa ukoo wa ile familia ya Elkab, kusini mwa Misri, mwanzoni mwa Nasaba ya 18 (tuseme kati ya 1550 na 1450 KK), nikitumia tafsiri za maandishi ya makaburini. Nimekwama mahali patatu.

Kwanza, yule mwanajeshi wa merikebu anaandikwa "Ahmose mwana wa Ebana". Nikamweka Ebana juu yake kama baba. Mistari michache mbele, Ahmose mwenyewe anasema baba yake alikuwa askari wa mfalme Seqenenra na jina lake ni Baba. Sasa Ebana ni nani?

Pili, katika makaburi ya zama hizo mwanamke aliyeketi na mwenye kaburi anaandikwa mara "mkewe", mara "dada yake". Ina maana walioana watu wa tumbo moja?

Tatu, majina yanajirudia mno. Akina Ahmose wawili mji mmoja. Kwingine nakuta Amenhotep, kisha Huy, kisha Amenophis. Programu ninayotumia imeshanichanganyia watu wawili kuwa mmoja, na mmoja kumfanya wawili. Mnatenganishaje?

---

KaraniWaNekheb alijibu:

Ebana ni mama yake, mkuu. Na ndiyo, baba yake aliitwa Baba. Usidhani mfasiri kateleza. Kwa hiyo mti wako unaanza na Baba na Ebana juu, Ahmose chini yao, na swali la kwanza limekwisha. Ila sababu uielewe, maana kosa hili litakurudia kila ukurasa.

Neno la Kimisri linalofasiriwa "mwana wa" ni *sa*. Neno hilo linakwambia jinsia ya mtoto tu (binti ni *sat*). Halikwambii kama jina linalofuata ni la baba au la mama. Msomaji wa tafsiri amezoea kwamba "fulani wa fulani" ni jina la baba, basi anapitiliza. Kwenye maandishi yenyewe kuna msaada ambao tafsiri huutupa: baada ya jina la mtu huchorwa kipicha kidogo cha mwanamume au mwanamke aliyeketi. Kipicha hicho hakitamkwi, kazi yake ni kukuonyesha aina ya neno. Ukipata picha ya ukuta au mchoro wa mistari yake, tazama hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa nini Ahmose aitwe kwa mama? Majina ya Ahmose ("mwezi umezaliwa") yalijaa enzi hizo, kuanzia kwa mfalme mwenyewe hadi kwa malkia Ahmose-Nefertari. Palepale Elkab, ambayo zamani iliitwa Nekheb, kuna kaburi la Ahmose mwingine, naye akatofautishwa kwa jina la pili, Pennekhbet, yaani "wa Nekhbet", mungu wa kike wa mji huo. Kwa hiyo "wa Ebana" na "wa Nekhbet" zinafanya kazi ile ile: huyu ni yupi kati yao. Makaburi yao yamo kwenye safu moja ya mwamba, usiyachanganye.

Maneno mengine mawili utakayokutana nayo ni *ir-en*, "aliyefanywa na", na *mes-en*, "aliyezaliwa na". Vitabu vingi vya wanaoanza vinasema la kwanza ni la baba na la pili ni la mama. Kwa Ufalme Mpya (zama zinazoanza na hiyo Nasaba yako ya 18) ukifuata hivyo hutapotea mbali. Kwenye mabamba ya mawe ya Ufalme wa Kati (takriban 2050 hadi 1650 KK) utapotea, kwa sababu huko *ir-en* hutumika sana mbele ya jina la mama. Mtu anasoma bamba la Abydos, anakuta *ir-en* tatu, anaandika wanaume watatu, kumbe wote ni akina mama. Tena tazama kipicha.

Kwenye Ufalme wa Kati pana mtego mwingine mbaya zaidi. Jina la baba linaweza kuandikwa mbele, likafuatiwa na alama ya "mwana", kisha jina la mtoto. Huko Beni Hasan, makaburi ya watawala wa jimbo katikati ya Misri, kaburi namba 3, ishara zimepangwa: Nehri – mwana – Khnumhotep. Ukisoma kwa mpangilio wa ishara utapata "Nehri mwana wa Khnumhotep". Ni kinyume chake: Khnumhotep mwana wa Nehri. Baba ametangulizwa kwa heshima tu. Balaa ni kwamba babu mzaa mama wa mtu huyu naye aliitwa Khnumhotep, kwa hiyo ukisoma kinyume mti wako bado utaonekana una mantiki, hutashtuka. Kosa linaloleta upuuzi utaliona mwenyewe. Hili halijionyeshi.

Utaratibu huo huo wa heshima unagusa majina yenye mungu ndani. Kwenye duara la jina la Tutankhamun, ishara zinaanza na Amun, kisha *tut*, kisha *ankh*. Unasoma Tut-ankh-Amun, "sanamu hai ya Amun". Ukiona mtu kaandika Amuntutankh mahali fulani, ujue alinakili ishara, hakusoma.

Na yale maneno *maa-kheru*, "mwenye sauti ya kweli", yanayofuata majina mengi si sehemu ya jina. Kwa kawaida ndivyo walivyomtaja marehemu, karibu na sisi tunavyosema "hayati". Lakini usiyatumie kupanga nani alikufa kabla ya nani. Mtu aliyejiandalia kaburi akiwa hai aliweza kuandikiwa *maa-kheru* mapema.

Sasa kazi yenyewe. Usiingize kitu kwenye programu moja kwa moja. Kila *kutajwa* kwa mtu kupewe kadi yake, siyo kila mtu. Kwenye kadi: jina kwa konsonanti zake, jina la pili kama lipo, vyeo kwa mpangilio ulivyo, neno la udugu lililotumika bila kulifasiri, jina la mama, jina la baba, na mahali: kaburi gani, ukuta upi, mstari upi. Kadi mbili zinaunganishwa kuwa mtu mmoja zikilingana jina pamoja na mama, au jina pamoja na cheo kisicho cha kawaida na mwenzi. Jina na baba peke yake hazitoshi, kwa sababu ndugu wa baba mmoja waliweza kuitwa jina moja. Jina peke yake usithubutu.

---

BiMafunjo alijibu:

Naongezea hapo kwenye "neno la udugu bila kulifasiri", kwa sababu swali la pili lote limejificha mle.

Wamisri walikuwa na maneno ya msingi machache sana ya udugu: *it* baba, *mut* mama, *sa* na *sat* mwana na binti, *sen* na *senet* ndugu wa kiume na wa kike, *hemet* mke, *hay* mume. Basi. Hawakuwa na neno la pekee la babu, mjomba, shangazi, binamu, mpwa, shemeji. Waliyanyoosha haya haya:

*it* ni baba, babu, baba wa babu kwenda juu, na baba mkwe pia.
*sa* ni mwana, mjukuu, kitukuu, na mume wa binti.
*sen* ni kaka au mdogo wa kiume, binamu, mjomba, ami, mpwa, shemeji.

Anayefikiri kwa Kiswahili ana nafuu hapa. *Sen* ni "ndugu". Tukisikia "huyu ni ndugu yangu" hatukurupuki kuchora mama mmoja. Tunauliza, ndugu wa vipi? Anayesoma tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa ameshachaguliwa "kaka" na mfasiri, na ule mwanya wa kuuliza umezibwa. Hata viambishi vinafanana: *sen-ef* ni nduguye, *hemet-ef* ni mkewe, *it-ef* ni babaye. Tofauti ni kwamba wao hutenganisha: *-ef* ni ya mwanamume, *-es* ya mwanamke. Kwa hiyo *sen-es* ni ndugu wa mwanamke, na hilo peke yake huweza kukuokoa kwenye orodha ndefu.

Ila nafuu hiyo ina mwisho. Sisi tuna mjomba na shangazi, na upande wa mama na wa baba tunautenga tangu neno la kwanza. Wao hawakufanya hivyo. *Sen* wa mtu anaweza kuwa wa upande wowote, usimhamishie ujomba kwa mazoea.

Walipotaka kueleweka bila shaka, waliunganisha: "ndugu wa mama yake", "mwana wa binti yake". Mfano mzuri uko kwenye familia yako hiyo hiyo, MchoraUkoo. Ndani ya kaburi la Ahmose wa Ebana pameandikwa kwamba aliyesimamia kazi humo ni *mwana wa binti yake*, akihuisha jina la *baba wa mama yake*, mchoraji wa Amun, Paheri. Kiungo kizima kiko katika mstari mmoja, na kimeelezwa kutoka pande zote mbili. Binti anayetajwa hapo ni Kemi, aliyezaa na Itruri. Paheri ni mtoto wao, baadaye akawa mkuu wa mji wa Nekheb, na kaburi lake liko pale pale. Angeandikwa "mwana wake" tu, kwa sarufi yao lisingekuwa kosa, na wewe ungeruka kizazi kizima na kumpoteza Kemi.

Sasa *senet*. Katika Nasaba ya 18 neno hili likawa pia jina la mke, kwa mapenzi na heshima. Makaburi mengine yanaandika *hemet-ef* ukuta huu na *senet-ef* ukuta ule kwa mwanamke yule yule. Kwa hiyo "dada yake" aliyeketi kiti kimoja na mwenye kaburi, mkono wake begani mwa mumewe, ni mke. Ushahidi wa kwamba ni dada wa damu ni mmoja tu: wazazi wao. Tafuta jina la mama yake na la baba yake, ulinganishe na ya mume. Yasipotajwa, andika "mke" na uishie hapo. Jaroslav Černý, mtaalamu wa Misri ya kale, alifanya zoezi hilo kwa raia wa zama za mafarao, akachapisha mwaka 1954, na ndoa za ndugu wa damu zilizothibitika zilikuwa za kuhesabu kwa vidole.

Kwa wafalme ni habari nyingine. Huko dada na dada wa kambo waliolewa kweli, na Ptolemaio II, wa ile nasaba ya Kigiriki iliyotawala Misri karne tatu za mwisho KK, alimwoa Arsinoe, dada yake wa baba mmoja na mama mmoja. Na Misri ya Kirumi ni habari ya tatu. Sensa ya huko ilifanywa kila miaka 14, na baadhi ya waliojiandikisha wanaeleza waziwazi: mke wangu, naye ni dada yangu wa baba mmoja na mama mmoja. Hao huwezi kuwabishia. Lakini usichukue desturi ya Fayum (wilaya ya Misri zilikotoka nyingi ya hati hizo) ya karne ya 2 BK ukaipachika Elkab miaka 1,600 nyuma. Kosa hilo ndilo linalozaa zile hadithi za "Wamisri wote walioa dada zao".

Jambo la mwisho, angalia vyeo vinavyojifanya udugu. "Mwana wa mfalme wa Kush" ni cheo cha mtawala wa Nubia, hata kama baba yake hakuwahi kukanyaga ikulu. "Baba wa mungu" ni daraja la ukuhani. Nimeona miti ya ukoo mitandaoni ambayo imempa farao watoto wa ziada kwa sababu hiyo tu.

---

MchoraUkoo aliandika:

Ahsanteni sana. Kemi nilikuwa sina kabisa, nilishamfanya Paheri mwana wa Ahmose.

Bado majina. Huy na Amenhotep ni mmoja? Na mwanamke akiolewa jina linabadilika? Nauliza kwa sababu nina mabamba mengine ya zama za Waptolemaio, na huko kila mtu ana majina mawili.

---

NyotaYaMafuriko alijibu:

La mwanamke ni jepesi: halibadiliki. Anazaliwa nalo, anazikwa nalo. Akiolewa huongezewa cheo tu, *nebet per*, "bibi wa nyumba", na jina la mume halimgusi. Hii ni faida kubwa kwako: ukimfuata mwanamke kwa jina lake na la mama yake unaweza kumvusha kutoka kaburi la baba hadi la mume bila daraja kukatika.

Huy ni kifupi cha Amenhotep. Mtawala wa Nubia wa enzi ya Tutankhamun, mwenye kaburi namba 40 huko Thebes, ni Amenhotep aitwaye Huy, mtu mmoja. Vifupi vya namna hii vilikuwa kama Mudi kwa Mohamedi: kila mtu anajua, lakini kinyume chake hakishiki. Mose anaweza kuwa Amenmose, Ramose, Ptahmose, yeyote. Ukikuta kifupi peke yake, kadi ibaki na kifupi.

Amenophis ni Amenhotep yule yule katika sikio la Kigiriki. Wamisri hawakuandika irabu, kwa hiyo tahajia zote tunazotumia ni za kukubaliana: Amenhotep, Amenhotpe, Amenophis, Senusret na Sesostris, Ebana, Ibana, Abana. Ndiyo maana KaraniWaNekheb kasema uandike konsonanti. Weka *imn-htp* kwenye kadi, na programu itafutie hapo.

Ukijifunza viungo vichache vya majina, mti utaanza kujisahihisha wenyewe. *-hotep* ni "ameridhika". *-mose* ni "amezaliwa". Ramesses ni "Ra ndiye aliyemzaa". *Mery-* ni "apendwaye na", na kwa mwanamke ni *Merit-*: Meritamun hawezi kuwa mwanamume. Majina mengine ni sentensi kamili, kama ya mkunga anayetangaza mlangoni: Nefertiti, "mrembo amekuja", Imhotep, "ajaye kwa amani". Anayemjua Mashaka, Sikujua au Tabu hatashangaa.

Jina lilitolewa mara mtoto anapozaliwa, na mama ndiye aliyehusishwa nalo. Kuna msemo wao "jina alilopewa na mama yake". Katika mafunjo ya Westcar yaliyoko Berlin, hati ya hadithi za kale, mwanamke Ruddedet anajifungua watoto watatu, na mungu Isis, akiwa mkunga, anamwita kila mmoja jina papo hapo mtoto anapotoka, akichezea neno la hali ya uzazi. Arobaini haipo, kinachotajwa ni siku 14 za mama kujitakasa.

Kwa zama zako za mwisho mambo ni haya. Kuanzia karibu 1000 KK yanazagaa majina kama Djedkhonsuiufankh, "Khonsu amesema: ataishi". Yana sura ya jibu la mungu aliyeulizwa kuhusu mtoto. Kati kati ya jina kuna *iuf* kwa mwanamume na *ius* kwa mwanamke (Djedmutiusankh), kwa hiyo herufi moja inakupa jinsia. Baadaye yanakuja ya *Padi-*, "aliyetolewa na", kwa wanawake *Tadi-*. Padiusir kwa Kigiriki ni Petosiris. Na *Pasheri-en-*, "mtoto wa", huwa *Psen-* kwa Kigiriki. Binti huwa *Sen-*. Ukiona Sen- mwanzoni kwenye hati ya Kigiriki, ni mwanamke, mara nyingi bila haja ya kutafuta zaidi.

Majina mawili ya enzi ya Waptolemaio ni ya aina mbili, zitenge. Aina ya kwanza ni lugha mbili. Apollonia wa Pathyris, karne ya 2 KK, aliyeolewa na Dryton, mwanajeshi wa farasi, anaitwa pia Senmonthis. Kwenye shughuli za Kigiriki yuko Apollonia, na binti zao watano nao wana jina la Kigiriki na la Kimisri. Majina mawili hayo si tafsiri ya moja kwa lingine kila mara, kwa hiyo huwezi kubahatisha la pili kutoka la kwanza. Unahitaji hati inayosema "aitwaye pia".

Aina ya pili ni ya ukoo. Bamba la Taimhotep, lililoko London katika British Museum, linaeleza hatua kwa hatua. Alizaliwa 73 KK, akaolewa 58 KK na Pasherenptah, kuhani mkuu wa Ptah huko Memphis. Akazaa mabinti watatu. Mume naye kwenye bamba lake anasema alifikisha miaka 43 bila mtoto wa kiume. Wakamwomba Imhotep, yule mjenzi aliyefanywa mungu. Mwaka 46 KK akazaliwa mvulana, akaitwa Imhotep, aitwaye pia Petubast. Jina la kwanza ni la mungu aliyejibu. La pili ni la babu yake mzaa baba. Ukiandika moja tu kati ya hayo mawili unapoteza ama sala ama ukoo, na ukiandika kila moja kwa kadi yake bila kuziunganisha, unamzalia Taimhotep pacha.

---

KaraniWaNekheb alijibu:

Hapo kwenye jina la babu niweke breki kidogo, maana watu huligeuza kuwa kanuni: "anaitwa X, basi babu yake mzaa baba ni X". Usijaze nafasi tupu kwa njia hiyo.

Rudi Beni Hasan. Khnumhotep mwana wa Nehri hakubeba jina la upande wa baba. Mama yake ni Baqet, binti wa Khnumhotep wa kwanza, na jina limepitia kwa mama. Madaraka pia: kaka wa mama yake, Nakht, alishika utawala kabla yake. Kisha yeye mwenyewe akamwoa Khety, binti wa mtawala wa jimbo la 17, na mtoto wao Nakht akaenda kutawala jimbo hilo la babu mzaa mama. Vizazi viwili mfululizo, cheo kimepita kwa binti. Ungefuata kanuni ya babu mzaa baba ungepata mti mwingine kabisa.

Tena jina laweza kutoka nje ya damu. Naunakhte wa Deir el-Medina, kijiji cha mafundi wa makaburi ya kifalme, aliolewa kwanza na karani Qenherkhepshef, kisha na fundi Khaemnun. Kwa Khaemnun akazaa watoto wanane, na mmoja wao akaitwa Qenherkhepshef, jina la mume wa kwanza. Anayechora kwa majina atamkabidhi mtoto kwa marehemu. Wosia wake wa mwaka wa 3 wa Ramesses V, karibu 1145 KK, ndio unaotuweka sawa, kwa kuwa anawataja wanane hao mmoja mmoja: nani atarithi mali yake mwenyewe na nani, kwa kutomtunza uzeeni, hatarithi. Huyo Qenherkhepshef mdogo anapewa na beseni la shaba nyeusi la kunawia, zaidi ya fungu lake. Hati za mirathi ni bora kuliko ukuta wa kaburi kwa kazi hii. Ukutani unaandika unaotaka wakumbukwe. Kwenye mirathi unaandika hata unaowanyima.

---

BiMafunjo alijibu:

Na mfano wa Naunakhte ni mwepesi ukilinganisha na mafunjo ya Nanefer, enzi ya Ramesses XI. Nayataja kwa sababu programu ya MchoraUkoo itakataa, na ni bora akajua mapema.

Mumewe, Nebnefer, hakuwa na mtoto. Mwaka wa 1 wa mfalme huyo akamfanya mkewe kuwa *binti yake* kwa maandishi, ili mali isiende kwa ndugu zake. Wakanunua mtumwa wa kike, akazaa watoto watatu, mvulana mmoja na wasichana wawili, Nanefer akawalea. Mwaka wa 18, Padiu, mdogo wake Nanefer wa kiume, akamwoa msichana mkubwa kati ya wale. Nanefer akawaacha huru watoto wote watatu, akawafanya watoto wake, na Padiu naye akamfanya mtoto wake sawa na wao.

Hesabu: Nanefer ni mke na binti wa mtu mmoja. Padiu ni mdogo wake, mkwewe na mwanawe. Padiu na mkewe sasa ni "ndugu" kwa karatasi, na mtu akikuta *sen* na *senet* kwenye hati yao ya baadaye atasema hao, wameoana kaka na dada.

Kwenye programu tengeneza aina mbili za mstari kati ya mzazi na mtoto, wa damu na wa hati, na uruhusu mtu mmoja awe na yote miwili kwa mtu yule yule. Mstari wa hati uandikiwe mwaka, kwa sababu kabla ya mwaka huo haupo. Kama programu haikubali mke awe binti, weka uhusiano wa damu na ndoa kwenye mchoro, na wa hati kwenye maelezo ya kadi.

Na mama wa wale watoto watatu, yule mtumwa, jina lake limo kwenye mafunjo: Dienihatiri. Umuweke. Watu wengi humsahau.

---

MchoraUkoo aliandika:

Nimeshafuta mti wote, naanza na kadi. Swali dogo tu: kwenye mabamba yenye orodha ndefu, "nduguye, nduguye, mkewe, bintiye", ile *-ef* inarudi kwa nani, aliyetajwa mwisho au mwenye bamba?

---

NyotaYaMafuriko alijibu:

Kwa kawaida mwenye bamba. Anza hivyo kwa orodha nzima, kisha kagua kwa mama: *sen-ef* ambaye mama yake ni yule yule wa mwenye bamba, umemfunga. *Sat-ef* ambaye mama yake si mke aliyetajwa, usimtupe wala usimzulie mke wa pili. Huenda mke wa kwanza alifariki, au *sat* hapo ni mjukuu. Umri wa sura zilizochongwa usikudanganye, karibu wote wamechorwa vijana. Na ikibadilika ghafla kuwa *-es* katikati ya orodha, simama: kuanzia hapo wanahesabiwa watu wa mke.